Watoto wetu wanapenda kusoma, tatizo vitabu tumevifungia kabatini

Cherehani Moro (mleta uzi)

Habari zenu wakuu.

Kuna usemi umezoeleka, kwamba ukitaka kumficha Mswahili jambo liandike kitabuni. Nimeusikia kwenye semina, kwenye vikao vya wazazi, hata kwenye sherehe za mahafali ambako watoto wamekaa mbele wanasikiliza. Naomba tuujadili kwa utulivu, maana ninachokiona kila siku kinaupinga.

Mimi ni fundi cherehani, niko Morogoro mjini. Pale barazani ninaposhonea niliweka rafu ya mbao, zile za kuwekea viatu, nikapanga vitabu vya hadithi. Wateja wangu wengi ni wazazi wanaoleta watoto kupimwa sare, na mtoto akisubiri anakosa la kufanya. Sikuwa na mradi wala mfadhili. Sasa hivi shule zikitoka jioni, baraza halina pa kukanyaga, na wengi wao hawana sare ya kushona kwangu. Wamefuata vitabu.

Tena hawasomi kimya. Kitabu kimoja kinainamiwa na vichwa vinne. Mmoja anasoma kwa sauti, wa pili anamsahihisha, wa tatu anasema usifunue kwanza sijaona picha, na wa nne ni wa chekechea, hajui hata herufi, ila hadithi yote ameishika kwa moyo na ole wako uruke mstari. Kuna kitabu cha sungura na fisi nimekishona mgongo kwa uzi wa jinzi mara mbili, jalada halipo tena, nimeweka kipande cha kanga. Ndicho kinachogombewa kuliko vipya vyote.

Watu hao hao ndio tunaosema hawapendi kusoma.

Niwaambie kwa nini naliona hili kuwa kubwa. Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akizishika irabu tano na akajua kuziunganisha na konsonanti, ba be bi bo bu, haichukui muda ataweza kutamka karibu neno lolote utakalomwandikia ubaoni. Mwenzake anayeanza na Kiingereza anahangaika miaka na maneno yanayoandikwa hivi na kusomwa vile. Wetu hana mzigo huo. Anapokwama ni hatua inayofuata: anasoma silabi kwa silabi, akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake ameshausahau. Hapo dawa ni kusoma vingi, vyepesi, vya kupendeza, na kuvirudia mpaka jicho lizoee kulishika neno zima kwa mara moja. Vingi hivyo huvipati kwenye kitabu cha kiada. Kiada kina vifungu vifupi na maswali chini yake, na shule nyingi watoto wanakichangia dawati zima. Unavipata kwenye vitabu vya hadithi, na fedha zikibana hivyo vya ziada ndivyo vinavyoachwa kwanza.

Wale wa Uwezo, wanaopima kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, kuanzia mwaka 2010 walipita nyumba kwa nyumba Tanzania, Kenya na Uganda wakiwapa watoto hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili. Wakawakuta wa darasa la tatu na zaidi, wengi tu, hawawezi kuisoma. Kelele zikapigwa, walimu wakalaumiwa, na hapa kwetu mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ukabadilishwa ujikite kwenye KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Sawa kabisa. Lakini mtoto akishafundishwa hiyo K ya kwanza, akitoka darasani anasoma nini? Nyumbani kuna kalenda ya ukutani na maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Nawaona wanavyosoma mabango ya simu za mkononi barabarani, neno kwa neno, kwa sauti. Njaa hiyo mnaionaje?

Na tusijidanganye kwamba hatujawahi kuwa taifa la wasomaji. Sheria ya kuunda huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, nchi ikiwa changa kabisa. Maktaba Kuu ya Taifa pale Dar es Salaam Mwalimu Nyerere aliifungua tarehe 9 Desemba 1967, siku ya Uhuru. Watu wazima waliojua kusoma wakati huo walikuwa kama theluthi moja. Ikaja kampeni ya kisomo, watu wakasoma chini ya miembe baada ya kutoka shamba, na kufikia 1986 serikali ilikuwa inataja asilimia 90. Zikawepo maktaba za vijijini, likawepo gazeti la Elimu Haina Mwisho kwa ajili ya hao waliotoka kujifunza, ili wasisahau. Yaani wazee wetu walijua kwamba ukimfundisha mtu kusoma lazima umpe na cha kusoma.

Halafu miaka ya 80 uchumi ukayumba, karatasi ikawa shida, mashirika ya uchapishaji yakadhoofika. Kitabu cha hadithi cha mtoto kikawa kitu adimu. Ndiyo maana mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto. Wachapishaji walikuwa wanaogopa kuchapa kitu kisicho na soko, mradi ukawa unanunua sehemu kubwa ya nakala na kuzipeleka shuleni. Watu wengi wa rika langu vitabu vyetu vya kwanza vya hadithi vilipita mkono huo. Mwaka huo huo Walter Bgoya, aliyekuwa ameiongoza TPH (Tanzania Publishing House, shirika la uchapishaji la umma) tangu 1972, akaanzisha Mkuki na Nyota, nao wamechapa vya watoto mpaka leo.

Kwa hiyo vitabu vipo. Si vingi, lakini vipo. Ninachokilalamikia ni hiki: vingi vimefungiwa. Nimeingia shule moja kupima sare, nikakaa ofisi ya mwalimu mkuu, nyuma yake kuna kabati la chuma limejaa vitabu vya hadithi, vipya, vingine bado vimefungwa na kamba ya kiwandani. Tarehe ya muhuri wa kupokelewa ni ya miaka mingi nyuma. Nikauliza mbona watoto hawapewi. Nikajibiwa, "Watavichana."

Ndugu zangu, wavichane. Kitabu kilichochanika kimesomwa. Mtoto hawezi kujua danadana kwa mpira uliofungiwa ofisini.

Nataka tusikilizane. Kwenu watoto wanapata wapi vitabu vya hadithi? Walimu humu, hayo makabati yanafungwa kwa nini?

---

Ticha wa Singida

Mleta uzi umetugusa pabaya, lakini umesema kweli. Niko darasani, shule ya msingi ya serikali, naomba nikueleze upande wetu.

Kabati halifungwi kwa roho mbaya. Vitabu vikipokelewa vinaingizwa kwenye leja ya vifaa. Mkaguzi akija anahesabu. Pungufu likionekana, mwalimu wa taaluma au mkuu wa shule ndiye anayeandika maelezo. Hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza "watoto wamesoma vingapi?" Anauliza vipo vingapi. Sasa mtu mwenye akili timamu atafanya nini? Atavifungia vyote vibaki vile vile.

Watu wengi hawajui kwamba utaratibu wa kuandika kitabu kimechakaa upo. Kuna namna ya kuorodhesha vilivyoharibika kwa matumizi, kamati ya shule ikaona, ikasaini, vikafutwa kwenye leja. Mwalimu mkuu akielewa hilo, hofu inapungua sana.

Darasani kwangu nimefunga kamba ya katani kutoka dirisha hadi dirisha, kimo cha mtoto, naning'iniza vitabu vimefunguliwa katikati kama nguo zilizoanikwa, nabana na vibanio. Sina kabati, sina rafu, na jalada lote linaonekana. Mtoto mdogo hachagui kitabu kwa mgongo wake. Anachagua kwa picha. Nilipovipanga mezani kwa mafungu hawakuvigusa. Vilipopanda kamba, asubuhi kabla ya paredi wameshaingia.

Wananiuliza, "Mwalimu, hiki kina mtihani?" Nawaambia hakina. Nyuso zao hapo ungeziona.

---

Baba Mapacha

Mada nzuri, ila tuwe wakweli. Mzazi mwenye kipato cha kuunga unga, kitabu kimoja cha hadithi ni hela ya unga na dagaa wa siku nzima. Anunue kipi? Na hawa watoto wa sasa wameshaonja simu. Ukimpa kitabu dakika mbili anauliza simu iko wapi. Nahisi mnapigana na mafuriko.

---

Cherehani Moro (mleta uzi)

Baba Mapacha, la hela nakubaliana nawe na ndiyo sababu naamini kitabu cha kuazima kuliko cha kununua. Kitabu kimoja barazani kwangu kimepita nyumba nyingi mno. Mzazi mmoja asingekimudu, mtaa mzima unakimudu. Vitabu vingi vilivyopatikana ni hivi: mteja akidaiwa hela kidogo ya kumalizia, namwambia niletee kitabu cha hadithi mtoto wako alichomaliza. Vingine nanunua kwa wauza vitabu vya mitumba nikienda Dar, hawa wanaotandaza chini maeneo ya Posta.

La simu naomba nikupinge. Simu hiyo hiyo inaweza kuwa rafu. Tangu mwaka 2014 kuna African Storybook, imeanzia Afrika Kusini, ina hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kimo kwa wingi, na zimetolewa kwa leseni huria. Maana yake unazipakua, unazisoma bila bando, unazichapa ukitaka, na hakuna atakayekudai. StoryWeaver ya India nayo ina za Kiswahili. Nimepeleka hadithi kadhaa kwa kijana wa steshenari hapa jirani, akanichapia nyeusi na nyeupe, nikakunja katikati, nikashona mgongo kwa cherehani, mshono mrefu namba nne, uzi wa nailoni. Kinakuwa kitabu. Watoto wanapaka rangi picha wenyewe.

Mapacha wako wana umri gani? Wasomee wewe kabla hawajalala, simu ikiwa chumba kingine. Sauti ya baba haijapata mpinzani.

---

Mtu wa Makadara

Salamu kutoka Nairobi. Nimeusoma uzi wote na nimefurahi sana.

Huku kwetu kuna mambo mawili ningependa myajue. La kwanza ni ngamia. Mwaka 1996 huduma ya maktaba ya taifa ya Kenya ilianzisha maktaba ya ngamia kule Garissa, kwa ngamia watatu, baadaye ikafika Wajir. Barabara za kule gari hukwama mchangani, na jamii zenyewe ni za wafugaji, huhama na mifugo. Mtoto wa mfugaji hawezi kuifuata maktaba iliyojengwa mjini, kwa hiyo maktaba ikamfuata. Ngamia mmoja hubeba masanduku ya vitabu, mwingine hema na mikeka. Hema linapigwa chini ya mti karibu na shule, watoto wanakaa kwenye mkeka, wanaazima, na msafara ukirudi wanabadilisha. Sijui kama kuna picha ya Kenya ninayoipenda kuliko hiyo.

La pili liko karibu na nyumbani kwangu. Maktaba ya McMillan, ile yenye simba wa mawe mjini, ilifunguliwa 1931 na kwa miaka mingi ya ukoloni Mwafrika hakuruhusiwa kuingia kusoma. Ina matawi mawili Eastlands, Kaloleni na hapa Makadara. Yalikuwa yamechakaa, paa linavuja, vitabu vya zamani mno. Mwaka 2017 Wanjiru Koinange na Angela Wachuka walianzisha Book Bunk ili kuzifufua zote tatu. Kaloleni na Makadara zimeshakarabatiwa. Wakazi waliulizwa kwanza wanataka nini, hata watoto. Jumamosi ukipita hapa utaona foleni ya viatu vidogo.

Serikali nayo kwa upande wa shule ilileta Tusome mwaka 2015, kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake mkononi, Kiswahili na Kiingereza. Hilo lilileta tofauti kubwa. Lakini hao hao wanaotaka tusome walitutoza VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu kwa sheria ya mwaka 2013. Hilo linaniuma mpaka kesho. Kitabu cha mtoto kutozwa kodi kama kiatu!

Mleta uzi, wale wa mitumba wanaotandaza chini sisi tunawaita inama, kwa sababu lazima uiname. Nusu ya elimu yangu niliipata nikiwa nimeinama.

---

Mpwani

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimeona mnazungumza shule na maktaba, nami niseme la nyumbani.

Sisi pwani mtoto hukutana na kitabu chuoni, yaani madrasa, kabla ya skuli. Hushika juzuu kwa mikono miwili, ameshatawadha, na akihitimu hufanyiwa khitma, mtaa mzima ukala. Kwa hiyo kitabu kwake ni kitu cha heshima tangu mdogo. Jioni bibi akisema paukwa, tukajibu pakawa, hadithi ikaanza. Mambo mawili haya, heshima ya kitabu na utamu wa hadithi, yote tunayo. Kilichokosekana ni kuyakutanisha: hadithi ya bibi iwe ndani ya kitabu ambacho mtoto anaweza kukishika jioni bibi akiwa hayupo.

Na wanawake wetu walikwisha kutuonyesha njia. Mwana Kupona binti Mshamu wa Siu, mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa wasia. Mama alijua ataondoka, akamwachia mtoto maandishi. Utenzi ule ukanakiliwa kwa mkono, ukasomwa majumbani, wasichana wakaukariri, na hakukuwa na wizara wala mfadhili. Nikisikia kwamba kusoma si utamaduni wetu, roho hunisononeka.

Mimi na shangazi zangu tumeanza kuandika hadithi za bibi kwenye daftari, mwandiko mkubwa, wajukuu wanachora. Si lazima kila kitabu kitoke kiwandani.

---

Dada wa Kilosa

Samahani wakuu, mimi naandikiwa na mwanangu wa darasa la sita hapa. Mimi sikumaliza shule, kusoma kwangu ni kwa kubahatisha. Mnasema tuwasomee watoto. Sasa sisi tusiojua tufanyeje? Mwanangu wa mwisho yuko darasa la pili na mwalimu anasema yuko nyuma.

---

Cherehani Moro (mleta uzi)

Dada yangu, ahsante sana kwa kuuliza, na mwanao huyo anayeandika mpe pongezi, mwandiko hauna kosa.

Huhitaji kujua kusoma ili mwanao awe msomaji. Mama yangu mzazi naye hakusoma. Fanya hivi. Ukiwa jikoni unachambua mboga, mwambie huyo mdogo akae karibu akusomee. Usimsahihishe, kwanza hata hutajua alipokosea, na hiyo ni faida, maana atasoma bila woga. Msikilize kwa hamu ya kweli. Akifika mahali muulize, "Ehee, halafu?" Muulize unadhani huyu fisi atafanya nini sasa. Mwambie akuonyeshe picha, muulize huyu mbona amenuna. Akimaliza mwambie akusimulie bila kutazama kitabu. Akishindwa kusimulia ujue alikuwa anatamka tu bila kuelewa, mwambie arudie kesho, hadithi hiyo hiyo. Kurudia si kosa. Watoto wanapenda kurudia kuliko sisi.

Na huyo wa darasa la sita amsomee mdogo wake kila siku kabla ya kulala, kidogo tu. Wote wawili watafaidika. Mkubwa atapata ufasaha, mdogo atapata hadithi.

Kilosa si mbali. Nikipata mtu anayekuja huko nitakupa vitabu vichache, ukirudisha nakupa vingine. Niandikie kwa ujumbe wa faragha.

---

Mzee wa RTD

Wanangu, mmenikumbusha Mama na Mwana. Redio Tanzania, Debora Mwenda anasimulia, mtaa mzima kimya, hata wanaume wazima wanajifanya wanarekebisha baiskeli karibu na dirisha. Hadithi ndiyo iliyokuwa inatushika. Sisi tuliokuwa tunasikiliza redio ndio tuliokimbilia vitabu baadaye, kwa sababu tulikuwa tunataka nyingine na kipindi kimekwisha. Anayetaka mtoto asome, aanze kumjaza hadithi masikioni. Kongole mleta uzi.

---

Kigali Mpaka Ngara

Nami nichangie kutoka Rwanda, nafanya biashara ya mpakani. Huku baada ya mwaka 1994 hakukuwa na kitabu cha mtoto cha Kinyarwanda cha kutajwa. Mwaka 1995 wakaanzisha Editions Bakame, nyumba ya uchapishaji ya watoto peke yao. Bakame ndiye sungura wetu mjanja. Walichapa, halafu wakavipeleka kwenye shule na vijiji badala ya kusubiri watu waje dukani. Mwaka 2008 walipata tuzo ya kimataifa ya IBBY-Asahi kwa kazi hiyo. Nchi iliyokuwa na mambo mazito kiasi kile ilikumbuka kitabu cha mtoto. Mimi hilo huwa nalitafakari.

---

Mama Birmingham

Niko Uingereza, mji huu ninaoishi ndiko walikoanzisha Bookstart mwaka 1992: mtoto mchanga anapewa vitabu vya bure, mama anaelezwa namna ya kumsomea. Kichanga asiyejua hata kukaa! Nilishangaa, baadaye nikaona matunda yake kwa wanangu. Tatizo langu lilikuwa la Kiswahili. Vitabu vya Kiingereza vimejaa nyumba, cha Kiswahili hakuna, na mtoto akaanza kuniona lugha yangu ni ya jikoni tu. Nilianza kuchapa hizo za African Storybook alizozitaja mleta uzi, na kila anayekwenda nyumbani namwagiza vitabu kabla ya kumwagiza dagaa. Sasa wanagombania nani amsomee bibi yao kwenye simu ya video. Bibi naye hakati simu mpaka hadithi iishe.

---

Nukta Sita

Ninaomba tusisahau watoto wasioona na wenye uoni hafifu, wakiwemo wenye ualbino. Mimi nimesoma shule ya wasioona ya Buigiri, Dodoma. Kitabu cha nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa kupapasa kwa vidole, ni kikubwa, kizito, na ni ghali kukitengeneza, ukurasa mmoja wa kawaida unaweza kuwa kurasa kadhaa. Cha kiada tulikuwa tunakipata kwa taabu, cha hadithi ndiyo usiseme. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013 unaruhusu kitabu kigeuzwe nukta nundu, sauti au maandishi makubwa kwa ajili yetu bila kusubiri kibali cha mwenye hakimiliki. Kwa hiyo kisheria mlango upo, tunahitaji watu wa kufanya kazi.

Kwa mwenye rafu kama hiyo ya Morogoro: mtoto mwenye uoni hafifu mchapie kwa herufi kubwa, karatasi isiyong'aa, mkalishe kivulini lakini penye mwanga. Na rekodi sauti yako ukisoma. Simu inatosha.

---

Cherehani Moro (mleta uzi)

Nukta Sita, hilo la karatasi isiyong'aa sikulijua. Kuna binti mwenye ualbino anakuja barazani, huwa anakisogeza kitabu mpaka puani. Kesho naenda steshenari kumchapia za kwake, na benchi naligeuza. Nakushukuru kutoka moyoni.

---

Baba Mapacha

Nimerudi. Nina swali la kiutendaji, maana mke wangu naye ameusoma uzi. Tuna kibaraza na duka dogo. Vitabu ukivitoa viende nyumbani kwa watu, vinarudi? Na wale wakubwa, wa darasa la saba, wanaona hadithi za sungura ni za kitoto. Unawapa nini?

---

Cherehani Moro (mleta uzi)

Vinarudi. Si vyote, lakini vinarudi kuliko nilivyotegemea. Nina kaunta buku moja, na mtoto anaandika mwenyewe jina lake, jina la kitabu na tarehe. Usimwandikie wewe. Akiandika kwa mkono wake anajua ameahidi. Asiyejua kuandika anachora alama yake. Faini sitozi. Niliona mahali wanatoza, matokeo yake mtoto aliyechelewa haji tena kabisa, umepoteza kitabu na msomaji. Kikipotea namwambia aje anisimulie hadithi yake yote tuiandike upya.

Wakubwa wape kazi. Mmoja ndiye msimamizi wa kaunta buku, mwingine anawasomea wadogo. Akisoma za sungura kwa ajili ya wadogo haoni aibu. Halafu wape vya maarifa: wanyama, sayari, mashine, maisha ya wachezaji mpira, magazeti ya michezo hata ya wiki iliyopita. Nilikuwa na kijana hagusi kitabu, nikaweka mwongozo wa zamani wa ufundi pikipiki, kurasa zimejaa grisi. Ameusoma mpaka sasa ananieleza mimi kabureta inavyofanya kazi.

Na kwa wanaolalamika kwamba hakuna vipya: Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya uandishi bunifu ilianza kutolewa Aprili 2023 kwa riwaya na ushairi, na baadaye wakaongeza hadithi za watoto. Wenye vipaji humu andikeni. Wekeni Kilosa ndani, wekeni Singida, wekeni bodaboda na mvua ya masika. Watoto barazani kwangu wakikuta kwenye kitabu jina la mahali wanapopajua, wanapiga kelele.

---

Ticha wa Singida

Narudi na taarifa. Leo nimemwonyesha mwalimu mkuu uzi huu, wote, mpaka maoni ya Nukta Sita. Tumekaa na leja, tumeandika muhtasari wa kamati ya shule kwamba vitabu vya hadithi vitaazimwa na vitakavyochakaa kwa matumizi vitaorodheshwa kila muhula. Wajumbe wakisaini Jumatatu, kabati linafunguliwa. Darasa la tatu na la nne wataanza kupeleka nyumbani.

Mkuu ana wasiwasi na mvua na vumbi njiani, watoto wengine wanatembea mbali. Mleta uzi, ulisema unashona mifuko ya kuwabebea, au nimechanganya na mtu mwingine?

---

Cherehani Moro (mleta uzi)

Ticha, umenipa furaha ambayo sijui niielezeje. Mwambie mwalimu mkuu fundi wa Morogoro anamwombea heri.

Mifuko sikuitaja lakini ndiyo, nashona. Vitabu vyote vya barazani vinatoka na kimfuko. Tumia mabaki ya kitambaa cha sare, kile kizito cha kaptura. Kata vipande viwili, sentimita 34 kwa 28, hapo vitabu vingi vya hadithi vinaingia na nafasi inabaki. Ndani weka nailoni ya mifuko ya mchele au sukari iliyooshwa, ndiyo inayozuia maji. Shona pande tatu, mdomoni pindisha sentimita 3 upitishe utepe wa kuvaa begani, maana mkononi watakiangusha. Kama kuna fundi hapo kijijini mpe vipimo hivi. Kama hayupo, niambie idadi ya watoto wa madarasa hayo mawili, mabaki ninayo ya kutosha, nitatuma kwa basi la Singida na nauli ya mzigo nitalipia huku.